Diski Iliyoachwa Wazi

Diski ya kwaya, ile original ya dukani, laptop iliisoma vizuri tu. Ya kuchoma, yaani ya kunakili nyumbani, iliimeza, ikaizungusha, ikaguguna kri-kri-kri kama panya kwenye gunia, kisha ikaitema. Na kila ilipoitema, chumba kilinuka tope la ziwa. Hapo Ilemela, juu ya mawe, ambako hata maji ya bomba hupanda kwa kubembelezwa.

"Bado haisomi?" aliuliza Mama Ojwang.

"Lenzi chafu tu, mama."

Truphosa alikuwa na degree ya kompyuta, na miaka sita ya kutuma CV kwa mabosi wasiojua hata kuandika "hapana". Please find attached, my foot. Leo kazi yake ilikuwa moja: mama asitoke. Tangu Ojwang, kaka yake Truphosa, azame na mwili usionekane, mama alishuka ziwani kila saa sita mchana. Alianza kwa maji ya magoti, yakawa ya kiuno. Juzi wavuvi walimtoa yakiwa kifuani. Ndipo Truphosa akamwahidi: ukibaki nyumbani, nitakuonyesha Ojwang akiongea. Ile video ya Krismasi. Simu iliyoirekodi ilizama naye, ikabaki hii diski.

Alipangusa lenzi kwa pamba na spiriti. Akaweka driver upya. Akajaribu diski nyingine za kuchoma, nazo zikatemwa. Mwishowe akaiinua ya Ojwang kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu iliyochomwa huonekana, duara lililokoza kuanzia katikati. Asubuhi lilikuwa na upana wa kidole. Sasa vidole vitatu.

Akaishusha taratibu. Alikumbuka kwamba siku ile hakuifunga diski; aliiacha wazi ili baadaye aongezee picha, ubahili wa msomi asiye na ajira. Diski isiyofungwa huongezewa, na mashine huweza kukataa kuisoma mpaka ifungwe. Lakini hii, nani alikuwa akiiongezea?

Akampigia baba mdogo Ojuok kule Shirati. Yeye ndiye aliyesimamia maziko kwa desturi ya Wajaluo: aliyepotelea majini huzikiwa tunda la mwegea badala ya mwili, ili roho ipate pa kulala. Truphosa alimsimulia habari ya diski, akitarajia kuchekwa. Mzee hakucheka.

"Uliichoma kabla ya kuzika, au baada?"

"Kabla, baba."

"Basi roho ilikuta hiyo wazi kabla ya tunda; usiifunge. Kilichoingia hakitatoka."

"Na nikiiacha hivi?"

"Kitaendelea kuingia."

Akakata simu.

Nyuma yake mama alikuwa amesimama, anajifunga kanga. Saa sita ilikuwa imetimia. Truphosa akarudisha diski, akabonyeza amri ya kuifunga.

Ikasoma. Ojwang akatokea na shati jipya, mdomo umejaa sato, anacheka. Mama akaketi, akalia kwa furaha. Kisha picha ikakatika, giza, na sauti ikaendelea, nzito, kama ya mtu mwenye maji kooni.

"Mama. Mlizika nini?"

"Tunda, mwanangu," mama akanong'ona. "Utusamehe."

Truphosa akaichomoa diski, akaivunja vipande vinne, akang'oa betri, akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia kifuani, akavuta kitanda kikazibe mlango, akafunga madirisha moja baada ya jingine huku akimwomba Mungu aliyegombana naye tangu graduation, na harufu ya tope haikupungua, ilizidi, mpaka akaionja ulimini.

Mama hakuwa ameinuka. Alitazama kioo kilichozimika, ametulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Usihangaike na mlango, nyara, binti yangu," alisema. "Siendi tena ziwani. Amekuja mwenyewe."

Truphosa akamshika mkono amwondoe pale. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa mpaka kwenye kiwiko, na alipokuwa bado ameushika, maji yakapanda yakafika begani.