Kikopo cha Chini ya Kaunta

Kila siku, akishatoka shule na kula, Nasima alikwenda dukani kwa shangazi yake, Bi Asmahani, Barabara ya Tisa, Ngamiani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi. Vumbi la Tanga halina adabu, linaingia hata kwenye vifuniko vya chupa za wanja. Baada ya hapo alipanga sabuni za kuogea, poda, hina na vifurushi vya udi, kila kitu mahali pake.

Miaka michache nyuma hapakuwa na cha kufuta. Wakati wa shida ya bidhaa, kipande cha sabuni ya kufulia kilipangiwa foleni, na mtu akikipata aliogea hichohicho. Bi Asmahani aliuza liwa ya kusugulia ngozi, hina na mafuta ya nazi aliyopika mwenyewe, basi. Sasa biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa. Krimu za kila namna zilivuka mpaka, nyingine zikiwa na maandishi ambayo hata walimu hawakuweza kuyasoma.

Bi Asmahani alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenye maduka wenziwe. Krimu mpya haikupanda kwenye rafu mpaka aipake kwanza yeye, ndani ya mkono, karibu na kiwiko, aone ngozi inasemaje. Zilizokuwa zikisubiri zilikaa ndani ya boksi chini ya kaunta.

"Shangazi, wenzako wanauza siku ileile," Nasima alimwambia.

"Na wauze. Mimi nauza kitu cha kupaka usoni, mwanangu, siuzi misumari."

Siku moja ya likizo Bi Asmahani aliitwa msibani Mwera. Alimwachia Nasima duka, akamkumbusha kwamba boksi lisiguswe. Nasima alijiona mkubwa. Alikaa kwenye kiti cha shangazi yake, akavaa na miwani yake, ingawa ilimfanya aone ukungu mtupu.

Mchana akaja mteja mmoja, Tabia. Mdogo wake, Tuhfa, alikuwa bibi harusi, amewekwa ndani mtaa wa Nguvumali, akisingwa kwa liwa na somo yake, yule mama mtu mzima anayemtunza mwari hadi siku ya harusi.

"Nipe liwa," Tabia alisema. "Na krimu ya kung'arisha uso. Mnayo?"

Nasima aliangalia rafu. "Ya kung'arisha hatuna."

"Ah, nyie mna vitu vya kizamani tu! Basi vyote nitanunua duka la mbele."

Maneno hayo yalimchoma. Nasima aliinama, akafungua boksi, akatoa kikopo chenye picha ya ua la waridi.

Tabia alikinusa. "Kinanukia vizuri. Lakini kinafaa? Isije ikamharibu mwari wa watu."

"Kinafaa. Shangazi mwenyewe anapaka."

Ni kweli Bi Asmahani alikuwa ameipaka, mkononi, tena asubuhi ileile. Nasima alijua vizuri kwamba Tabia angeelewa vingine. Tabia aliridhika, akanunua, akaenda zake.

Bi Asmahani alirudi kesho yake alasiri. Nasima alimwamkia, "Shikamoo, Shangazi." Kabla hajaitikia, Bi Asmahani alikunja mkono wa gauni. Karibu na kiwiko ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba na kutoa malengelenge.

"Marahaba, mwanangu. Hebu ona! Ile ya waridi ni moto mtupu. Nitaitupa yote."

Nasima alikumbuka kile kikopo alichomuuzia Tabia. Alipaswa kusema palepale. Badala yake alisema, "Natoka kidogo, Shangazi," akakimbia kuelekea Nguvumali. Aliwaza kukichukua kile kikopo kimyakimya kabla hakijatumika, na mambo yaishe hivyo.

Nje ya nyumba ya harusi alimkuta Consolata, jirani wa familia ile, ameketi peke yake barazani kwake. Alikuwa Mkatoliki, na wazazi wake walikuja Tanga zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Hodi!" Nasima aliita.

Tabia alimvuta ndani haraka. Chumbani Tuhfa alikuwa ameketi mkekani. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba na kuwa jekundu. Kile kikopo kilikuwa pembeni yake, kimefunguliwa.

"Ni jicho la husuda," Tabia alinong'ona. "Jana Consolata alileta zawadi. Akamtazama Tuhfa, akasema, 'Jamani, una uso mzuri kama nini!' Hakusema mashaallah. Usiku ule uso ukaanza kuwaka."

"Nimemkataza kukanyaga hapa mpaka harusi ipite," alisema somo. Akachovya kidole kwenye kikopo. "Njoo, mwanangu, nikuongeze hii ikupoze."

Nasima alielewa kila kitu mara moja. Akinyamaza, hakuna atakayemuuliza neno. Lawama ilikwishapata mtu wa kuibeba. Lakini kidole cha somo kilikuwa kinalisogelea shavu la Tuhfa, na nje kulikuwa na mama anayelia kwa kosa asilolitenda.

"Usipake!" alipiga kelele. "Ni hiyo krimu! Si jicho, ni hiyo!"

Wote wakamgeukia.

"Uliniambia Bi Asmahani anaipaka mwenyewe," Tabia alisema taratibu.

"Aliipaka mkononi kuijaribu. Ilikuwa bado haijaruhusiwa kuuzwa. Mkono wake umeungua. Nilikudanganya kwa sababu sikutaka uende duka la mbele." Hapo Nasima akaanza kulia.

Somo alidondosha kikopo. Hakumgombeza. Aliagiza maji safi, akaosha shavu la Tuhfa mara nyingi, kisha wakamfunika buibui wakampeleka hospitali. Muuguzi alisema afadhali wameacha mapema. Kama wangeendelea kupaka, ngozi ingebabuka na kovu lingebaki.

Jioni somo alivuka uchochoro hadi barazani kwa Consolata. "Nimekukosea, mwenzangu," alisema. "Nilikuhukumu bure. Nisamehe, na uje harusini." Consolata alikubali.

Siku ya harusi Tuhfa aliketi mbele ya watu akiwa na alama nyeusi shavuni, ambayo poda haikuweza kuificha. Nasima aliiona tangu mlangoni. Hakuweza kula pilau.

Waliporudi, Bi Asmahani alimketisha dukani.

"Ile alama itafutika, muuguzi kasema," alianza. "Mimi nilikasirika sana, sitakuficha. Ulivunja amana yangu, ukalitumia jina langu kuuzia uongo. Lakini uliposema kweli, ulikuwa na njia ya kukwepa na hukukwepa. Mtu akija hapa anatukabidhi uso wake, Nasima. Hawezi kujua kilichomo kikoponi, anatutegemea sisi. Usipokuwa na hakika, sema huna hakika, hata kama mteja ataondoka. Mteja akiondoka atarudi siku nyingine. Uso ukiharibika, utamrudishia nini mwenyewe?"

"Nimekuelewa, Shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kesho utafungua duka."

Wiki iliyofuata Consolata aliingia dukani. Nasima alisimama na kumwamkia kwa heshima. Consolata aliangalia rafu, kisha akaonyesha kikopo kipya kilichokuwa juu ya kaunta, kimetoka kufunguliwa.

"Hiki kinafaa usoni?"

Nasima alikichukua, akakirudisha ndani ya boksi.

"Bado sijui, mama," alisema. "Shangazi hajamaliza kukijaribu. Labda upitie tena baadaye."



"Basi nitasubiri," Consolata alisema. "Nitanunua hapahapa."