Kumbe Uko Riyadh

"Hezekiah, hiyo ni adhana?"

Truphena akaweka pasi kando, akaibana simu sikioni.

"Adhana gani?"

"Hiyo inalia hapo nyuma yako. Si uko Amerika?"

"Ah, hiyo. Kuna Wasomali hapa jirani, wako na msikiti wao."

Truphena alitaka kuamini. Lakini kabla hajasema neno, sauti ya mwanaume ikafoka karibu kabisa na ile simu: "Yalla, sikiuriti! Iftah al-bab!"

Truphena alikuwa amefanya kazi hapa Jeddah miaka miwili. Hakuhitaji mkalimani kujua kwamba kuna mlinzi anaamrishwa afungue geti.

"Hezekiah, uko wapi?"

"Nitakupigia."

Akakata.

Hezekiah huyu alikuwa mchumba wake. Alizaliwa Mumias, akakua na mwili wa kusukuma trekta la miwa. Kocha mmoja wa raga ndiye aliyemtafutia nafasi ya kusoma Amerika, na huko wakamfundisha futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mpira kama yai. Baada ya chuo ikawa ndiyo kazi yake. Timu zilimchukua zikamwacha, zikamchukua zikamwacha. Mwaka 2011 alikuja nyumbani, wazee wa pande mbili wakaonana, kisha akarudi.

"Msimu huu nikitulia, tunafunga harusi," alisema.

Kila mwaka alisema hivyo. Mwisho Truphena akachoka kungoja mikono mitupu, akaja Saudia kufanya kazi za ndani katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Nuzha.

Jioni ile alimwandikia: "Sijakuuliza mengi. Uko wapi?"

Alama mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja. Kesho yake pia halikuja. Siku ya tatu, akiwa jikoni, ujumbe ukaingia.

"Riyadh. Mtaa wa Olaya. Nalinda geti la jengo la ofisi. Nisamehe."

*

"Kitunguu gani hicho cha kukuliza hivyo, na hata kisu huna mkononi?"

Alikuwa Bi Mwanakhamis, mwenye nyumba. Wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye akazaliwa papa hapa Jeddah, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwao vilevile.

"Si kitunguu, madam. Ni mchumba wangu, yule wa Amerika. Kumbe yuko Riyadh."

"Riyadh hii hii?"

"Hii hii. Na simu ananipigia na namba ya Amerika."

"Ana mwanamke huko?"

"Sijui, madam. Mtu akikudanganya mpaka nchi anayokaa, atashindwa kudanganya nini?"

Bi Mwanakhamis akavuta kiti, akakaa.

"Nsikilize, mwanangu. Mwambie aje. Hapa, ukumbini kwangu, mchana kweupe, na mume wangu yupo. Watu wasipate la kusema. Nataka nimtazame usoni huyo."

Truphena akaandika: "Madam anasema uje Ijumaa. Usipokuja, usinitafute tena."

Safari hii jibu lilikuja papo hapo: "Nakuja."

*

Alikuja kwa basi, akisafiri usiku kucha. Alipoingia, mlango ulimtosha kwa shida. Mume wa Bi Mwanakhamis, Baba Mselem, akampokea kwa salamu ndefu, akamketisha kwenye mito ya sakafuni na kumpa kahawa. Hezekiah alikaa mguu mmoja umekunjwa, mwingine ameunyoosha.

Truphena alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tende. Miaka minne hawajaonana. Alikuwa amezeeka. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi.

"Kaa, Truphena," alisema Bi Mwanakhamis. "Leo huna kazi, leo una kesi."

Akakaa.

"Timu ilikuacha lini?" akauliza.

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na zile picha za mazoezi ulikuwa unanitumia?"

"Za zamani."

"Wewe!"

"Ngoja nikuambie, please. Huko ukiachwa huitwi kikao. Asubuhi mtu wa ofisi anagonga mlango, anasema, 'Kocha anakutaka, kuja na kitabu chako cha mbinu.' Ukiambiwa uje na kitabu, jua umekwisha. Unakirudisha, unafunga virago, unangoja timu nyingine ipige simu. Nimegongewa mlango na timu sita, Truphena."

"Kwani ulikuwa hujui kucheza?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"Nilijua, mama. Lakini mimi nilikuwa wa mstari wa mbele. Kuna yule anayerusha mpira, ndiye anapigwa picha. Mimi kazi yangu ni kusimama mbele yake, wanaotaka kumwangusha wanigonge mimi kwanza. Ukifanya vizuri, hakuna anayekuona. Ukikosea mara moja tu, uwanja mzima unajua namba yako."

"Basi ni kama kazi ya nyumbani," Truphena alisema, neno likamtoka kabla hajalipima.

Baba Mselem akaangua kicheko. Bi Mwanakhamis akamtupia mumewe jicho, kisha naye akashindwa kujizuia.

Truphena hakucheka.

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Apa."

"Naapa mbele ya Mungu. Hakuna."

"Basi kwa nini?"

Hezekiah akageuza kikombe mkononi.

"Mumias wananiita Amerika. Hata mamangu wanamwita Mama Amerika. Ningerudi niwe nani? Nikasikia wanatafuta walinzi Saudia, na nikajua uko huku. Nikasema nikifika tu, nitakutafuta. Nikafika, wakanipa yunifomu, nikajiangalia kwa kioo. Nikashindwa."

"Mimi navaa aproni, Hezekiah. Kila siku. Ulidhani mimi ndio ningekucheka?"

Simu ya Hezekiah ikatetemeka juu ya zulia. Aliisoma.

"Nani?" Truphena akauliza.

"Allan. Wakala wangu."

"Soma kwa sauti."

"'Ujerumani wamekubali. Wanakutaka uripoti mwezi ujao. Nipe jibu leo.'" Akainua macho. "Hii pia nilikuja kukuambia. Ni nafasi ya mwisho. Msimu mmoja tu, Truphena, halafu..."

"Halafu tunafunga harusi. Hiyo naijua." Akaweka sinia chini. "Simama."

"Nini?"

"Simama tu."

Hezekiah akaweka kiganja sakafuni, akajisukuma. Mguu ule alioukunja ulikubali, ule alionyoosha ukakataa. Akashika ukuta. Jasho likamtoka. Mwishowe Baba Mselem, mzee wa miaka sabini, akamshika kwapani, akamwinua.

"Umeshindwa kusimama kwenye mito ya madam," Truphena alisema. "Huko utasimama mbele ya nani?"

"Goti litapona."

"Daktari alisema hivyo?"

Hezekiah akajipangusa jasho.

"Hezekiah, daktari alisema nini?"

"Alisema nikiumia tena hapo, sitatembea sawasawa maisha yangu yote."

"Alisema lini?"

"Kabla hawajaniacha."

Truphena akaziba uso kwa mikono. Alipoiondoa, Hezekiah alikuwa analia waziwazi, amesimama katikati ya ukumbi wa watu, mabega yale yote yakitikisika.

"Sijui kitu kingine," alisema. "Tangu nikiwa kijana nimejua hiyo tu."

"Utajifunza. Mimi pia sikuzaliwa nikijua kupika wali wa kabsa." Akamsogelea, akampa kitambaa chake. "Timu sita zimekuacha, mimi sijakuacha. Lakini ukienda Ujerumani, Hezekiah, mimi ndio nakuacha. Na sirudi nyuma."

Hezekiah akaitazama ile simu. Kisha akaandika polepole, akamwonyesha kabla ya kutuma: "Asante, Allan. Nimeacha kucheza."

"Tuma."

Akatuma.

"Sasa mpigie mama yako. Umwambie uko wapi."

"Leo?"

"Sasa hivi, na sisi tukisikia."

Simu ikaita mara mbili.

"Papa, mwanangu! Huko Amerika ni saa ngapi?"

"Mama, siko Amerika. Niko Saudia. Niliachwa na timu. Mimi ni askari wa geti."

Kuku walisikika wakilia Mumias. Kisha Mama akauliza:

"Unakula?"

"Nakula, Mama."

"Truphena anajua?"

"Yuko hapa."

"Basi unalilia nini? Mpe simu."

Truphena akapokea. "Mama."

"Huyo mtu umemsamehe?"

Akamtazama Hezekiah, ambaye alikuwa bado ameshika ukuta.

"Bado, Mama."

"Vizuri. Usiharakishe."

*

Hakuharakisha. Hezekiah aliendelea na geti lake Olaya, Truphena na kazi yake Al-Nuzha, na sasa walipigiana kwa namba za Saudia, wakigombana na kupatana kama watu wanaokaa nchi moja. Mikataba yao ilipoisha, walirudi nyumbani. Hezekiah alianza kufundisha raga katika shule ya sekondari, akiwa na kiti chake kando ya uwanja.

Harusi ilifungwa Desemba 2016, kanisani Mumias. Mchungaji alipouliza kama kuna mtu mwenye pingamizi, kanisa likanyamaza. Truphena akamgeukia bwana harusi, akainua shela.

"Hezekiah, kuna kitu hujaniambia?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hakuna, Truphena. Umemaliza vyote."

Akashusha shela.

"Mchungaji, endelea."