Tiketi Mbili Tofauti

Kila siku baada ya shule, kabla hata ya kuvua sare, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumtungia Mama uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie. Chiriku alitunga sindano kumi na mbili, akazichomeka kwenye kifuko cha pamba, kisha akamsomea Mama vipimo vya wateja kutoka kwenye daftari.

Chiriku halikuwa jina lake la shule. Majirani walimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. "Huyu akinyamaza, mjue anaumwa," walimtania.

Macho ya Mama yalikuwa yakififia, ingawa alikuwa na miaka arobaini tu. Daktari wa zahanati alisema ni presha ya macho.

"Maji ya ndani ya jicho hayapati njia ya kutoka," alieleza, "kwa hiyo yanaubana mshipa wa kuonea. Dawa za matone hazitoshi tena. Unahitaji upasuaji haraka, maana kilichokwisha kuharibika hakirudi."

Daktari bingwa alikuwa anakuja kwa siku tano katika hospitali kubwa ya mji wa mbali. Mama alipangiwa Ijumaa, saa nane mchana. Alikuwa mgonjwa wa mwisho kwenye orodha. Jioni ileile bingwa angeondoka.

Mjomba, kaka yake Mama, alituma nauli. Jumamosi mchana mama na binti walikaa kitandani, simu mkononi mwa Chiriku.

"Haya, mwanangu," alisema Mama. "Wewe ndiye macho yangu. Nisomee."

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa tiketi moja ya shirika moja, kutoka nyumbani hadi mwisho wa safari, siku ya Alhamisi. Nauli ingemtosha Mama peke yake, na huko angepokewa na mama mdogo. Chiriku aliisoma kwa sauti ya chini, kama anayesoma tangazo la msiba.

Ya pili ilikuwa ya mashirika mawili ya bei nafuu, Ijumaa asubuhi. Ndege ya kwanza ingetua saa tatu katika mji wa katikati, na ya pili ingeruka saa nne na dakika tano. Hapo nauli iliwatosha watu wawili.

Moyo wa Chiriku uliruka. Hakuwa amewahi kupanda ndege hata siku moja! "Mama, hii inatutosha sote! Nitakushika mkono njia nzima."

"Huko katikati muda utatosha?"

"Saa nzima na zaidi, Mama!"

"Hakuna maneno mengine hapo chini?"

Yalikuwapo, kwa herufi ndogo nyekundu: *Hizi ni tiketi mbili tofauti. Ukichelewa katika safari ya kwanza, ndege ya pili haitakusubiri, na hutarudishiwa nauli.* Chiriku aliyasoma mara mbili kimoyomoyo.

"Hakuna, Mama. Ni matangazo tu."

Akabonyeza kitufe cha kulipa.

Ijumaa ilipofika, walikaa kwenye viti vyao, mikanda imefungwa, na ndege haikusogea. Rubani alitangaza kwamba wanasubiri gari la mafuta. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini, kisha arobaini. Chiriku alikuwa ameota mawingu wiki nzima, lakini waliporuka hakuyatazama. Alikuwa akiikodolea macho saa ya abiria wa jirani.

Walitua saa tatu na dakika arobaini. Hata hivyo hawakuweza kukimbilia ndege ya pili moja kwa moja. Mashirika yalikuwa mawili, kwa hiyo walipaswa kuchukua sanduku lao, kutoka nje na kujiandikisha upya. Vyeti vyote vya hospitali vilikuwa ndani ya sanduku hilo. Mkanda wa mizigo ulizunguka na kuzunguka, mtupu.

Walipolipata, walikimbia. Mama aligonga nguzo, akaiomba radhi akidhani ni mtu.

Kwenye kaunta, mhudumu alikuwa anazima kompyuta yake.

"Tumefungiwa?" Mama aliuliza akihema.

"Poleni, mama. Huwa tunafunga dakika arobaini kabla ya ndege kuruka."

"Lakini ndege ile pale, naiona!" Chiriku alilia, akionyesha kidole dirishani. "Sisi hatukuchelewa, ndege ya kwanza ndiyo iliyotuchelewesha!"

"Ile ya kwanza ni ya kampuni nyingine, mdogo wangu. Kwetu, ninyi ni abiria ambao hawakufika. Ingekuwa tiketi moja, wangelazimika kuwatafutia ndege nyingine. Onyo lake huandikwa kwa rangi nyekundu. Hamkuliona?"

Mama aligeuza uso taratibu, akautafuta uso wa binti yake.

"Lilikuwapo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulilisoma?"

"Nililisoma."

Mama aliketi juu ya sanduku. Hakufoka. Alimwomba mhudumu ampigie simu muuguzi wa hospitali. Majibu yalikuja upesi: bingwa hawezi kungoja, na atarudi baada ya miezi minne. Ndege nyingine ilikuwa ya kesho yake. Nje ya kioo, ndege yao ilirudi nyuma, ikageuka, ikaondoka.

Walirejea nyumbani kwa basi, siku nzima. Chiriku alitamani angegombezwa.

Mjomba alipokuja kuwapa pole, aliyalaani mashirika yote ya ndege, moja baada ya jingine. Chiriku alimsikiliza hadi akashindwa kuvumilia.

"Si ndege, Mjomba," alisema. "Ni mimi. Niliona onyo nikalificha, kwa sababu nilitaka kusafiri."

Ukweli ulikuwa umesemwa, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Mwezi wa tatu tangu wakose ndege, asubuhi moja, Mama alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akageuka kila upande.

"Leo dirisha silioni," alisema kwa sauti ya kawaida.

Bingwa aliporudi, walisafiri kwa basi na kufika siku mbili mapema. Alimpasua Mama jicho la kulia. Baadaye muuguzi alileta fomu ya kuondoka, akataka kuwasomea.

"Mwache mwanangu asome," alisema Mama.

Chiriku aliipokea karatasi. "Jicho la kulia: upasuaji umefanikiwa. Litabaki na uoni uliopo." Akashuka mstari wa chini. "Jicho la kushoto: halioni. Halitibiki. Mgonjwa alikosa upasuaji uliopangwa miezi minne iliyopita."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama. Hakuna jingine." Machozi yakamwagika. "Nisamehe."

Mama alimvuta karibu. "Nilikusamehe palepale juu ya sanduku, ila jicho halirudi, na sitakudanganya kwamba haliniumi. Kutaka kupanda ndege si kosa. Hata mimi nilitaka uje. Kama ungenisomea yote, labda ningeogopa, labda ningejaribu bahati yangu. Lakini jicho lilikuwa langu, na uamuzi ulikuwa wangu. Wewe ulininyang'anya uamuzi huo kwa kunyamaza tu."

"Niliona ni maneno machache, Mama."

"Uongo haupimwi kwa urefu wake, mwanangu. Anayemsomea mwenzake hachagui sentensi. Ukikubali kuwa macho ya mtu, mwonyeshe hata kile usichotaka akione."