Wiki Saba

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, saa watu wanapotoka kazini. Fundi alipofaulu kuachanisha milango, wa kwanza kumwona ndani alikuwa mpenzi wake wa zamani, karani, kavaa gauni la manjano, jalada kalikumbatia kifuani. Karibu miaka minne hawajaonana.

"Kumbe bado unaopoa watu," karani alisema, akimpa mkono.

"Na wewe bado mzito," fundi akajibu, akimvuta juu. Wakacheka wote wawili.

Wiki mbili hazikupita, simu zikawa asubuhi na jioni. Umekula, mpenzi? Sijala, nakungoja wewe. Jumamosi moja, mgahawani, fundi akamwaga moyo.

"Nataka kukuoa. Niambie tu, kwa nini ulinikatia simu ukapotea?"

Karani aliweka kikombe chini.

"Nilikupigia kukuambia nina mimba yako. Sijafungua mdomo, ukaanza kunichekesha habari za rafiki yako aliyempa msichana mimba. Ukasema, 'Kaisha huyo. Mambo yenyewe hayo si mtoto, ni kesi.' Nikakata. Wiki iliyofuata nikaitoa."

Fundi alipekua kichwa chake chote, mzaha huo hakuuona. Enzi hizo, kwa siku alikuwa akitema kumi kama huo.

"Mtoto wangu," akasema. "Hata hukuniuliza."

"Leo amekuwa mtoto?"

Karani akaendelea, polepole, macho mezani.

"Usidhani nakusuta. Mimi mwenyewe sijui. Kuna siku nasema zilikuwa wiki saba tu, hakukuwa na mtu. Kuna siku naona nguo ndogo dukani, miguu inagoma kutembea."

Fundi alisimama, akaondoka bila kuaga. Siku tatu alifunga nyaya akizikosea, simu ikiita haigusi. Hasira zilimpanda dhidi ya karani, zikageuka zikamrudia yeye mwenyewe. Siku ya nne akapiga.

"Kama umepiga kunisamehe," karani alisema, "sijakuomba."

"Sijapigia hilo."

"Umepigia nini?"

"Angekuwa na umri gani sasa?"

Fundi akamsikia karani akivuta pumzi, pumzi ya mtu aliyelia.

"Mitatu. Mwezi huu."

"Upo nyumbani?"

"Nipo," alisema. "Njoo."