Maneno Haya Umeyatoa Wapi?

Mama Thérèse aliuza mawese katika soko la Koboko, Uganda. Mawese ni mafuta mekundu ya michikichi. Yalitoka Kongo, ng'ambo ya mpaka, nchi walikozaliwa yeye na mumewe Basile. Watu wengi waliijua meza yake. Kama mafuta yamechanganywa na maji, Mama Thérèse aliyatambua kwa harufu tu, na hakuyapokea.

Basile alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alimsaidia mkewe kubeba madebe, kisha akaenda kwenye cherehani yake. Binti yao mkubwa, Scholastique, alisoma Arua katika chuo cha ualimu. Basile aliwaambia wateja wote habari hiyo, hata wale waliokuja kushonewa kifungo kimoja.

Mwaka 1974 Scholastique alikuwa anamaliza masomo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliandika kazi ya utafiti. Aliyeshindwa kazi hiyo hakupata cheti, na bila cheti hakupata shule ya kufundisha. Scholastique alichagua kuandika juu ya biashara ya mawese. Alijua mengi juu yake tangu utotoni. Pia alisoma kitabu maktabani, akanakili aya nzima iliyompendeza. Hakuandika kwamba aya hiyo ni ya nani. Alidhani kazi nzuri ni ile inayoonyesha kwamba mwandishi anajua kila kitu mwenyewe.

Mwalimu wake, Lokule, aliirudisha kazi hiyo ikiwa na alama nyingi za kalamu nyekundu. Kila ukurasa aliandika swali lile lile: Umeyatoa wapi?

Alimwita ofisini.

"Aya hii si yako," alisema. "Kitabu hicho mimi pia nimekisoma. Ukichukua maneno ya mtu bila kumtaja, umeiba, hata kama hukukusudia."

Kisha alifungua ukurasa mwingine. Hapo Scholastique alieleza jinsi wanawake wa zamani walivyobeba mawese kichwani katika vyungu, wakafunika midomo ya vyungu kwa majani ya mgomba. Mwalimu alisema habari hiyo hajaiona katika kitabu chochote. Aliuliza kama ameitunga.

Scholastique alijibu kwamba hakuitunga. Aliambiwa na mama yake.

"Kwa nini basi hukumwandika?"

Scholastique alitazama chini. "Mama hakusoma, mwalimu. Anauza sokoni. Nilifikiri mtu wa namna hiyo hawekwi katika kazi ya chuo."

Mwalimu Lokule aliweka kalamu mezani. Kisha alimweleza kwamba mtu aliyeona jambo kwa macho yake ni chanzo cha habari, kama kitabu kilivyo chanzo. Lakini lazima msomaji aambiwe mtu huyo ni nani. Alimpa muda hadi mwisho wa mwezi. Kazi isiyoonyesha vyanzo vyake hangeipokea. Akamwelekeza kwa Mama Helen.

Mama Helen alitunza maktaba ya chuo. Alitoka Yei, Sudan, akaja Arua wakati wa vita vya huko. Amani ilipopatikana ndugu zake walirudi, lakini yeye alibaki, kwa sababu alikipenda chumba kile cha vitabu. Alimuuliza Scholastique ametumia kitabu gani.

"Kile chenye jalada la kijani," Scholastique alisema.

Mama Helen alimwonyesha rafu. Vitabu vya kijani vilikuwa vingi. Walivifungua kimoja kimoja mchana wote, mpaka wakakipata.

"Sasa umejifunza jambo la kwanza," alisema Mama Helen. "Kabla hujaanza kusoma, andika kitabu hiki ni kipi. Kumbukumbu ya jalada haikusaidii."

Alifungua kurasa za mwanzo, mahali ambapo Scholastique hakuwahi kutazama. Hapo palikuwa na jina la mwandishi, jina la kitabu, mji kilipochapishwa, mchapishaji na mwaka. Alimwambia aanze na jina la ukoo la mwandishi, ili majina yapangwe kwa alfabeti na msomaji ayapate upesi. Jina la kitabu alipigie mstari chini yake. Kazi yote iliandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili tungeandika hivi:

Mogga, Celestino. <u>Masoko ya Mpakani</u>. Kampala: Chapa ya Kilimani, 1966.

"Huu mstari unakaa mwisho wa kazi, katika orodha ya vyanzo," alieleza Mama Helen. "Na pale ulipotumia maneno yake, tia namba ndogo mwisho wa sentensi. Chini ya ukurasa huo huo rudia namba, uandike mwandishi, kitabu na ukurasa. Ukinakili maneno yenyewe, yatie katika alama za kunukuu. Ukiyasema kwa maneno yako, alama hazihitajiki, lakini namba inahitajika. Wazo bado ni la mwenzako."

Scholastique alitafuta ukurasa. Alipoupata, aliona kosa jingine. Yeye alikuwa ameandika kwamba madebe yalianza kutumika sokoni kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kitabu kilisema baada ya vita. Alikuwa amenakili vibaya.

"Unaona?" alisema Mama Helen. "Ukurasa tunauandika ili mtu aweze kurudi kuhakikisha. Leo mtu huyo ni wewe."

Scholastique aliuliza atamwandikaje mama yake. Mama Helen alimwambia aandike jina lake, kazi yake, mahali walipozungumza na tarehe. Lakini kwanza amwombe ruhusa. Jina la mtu ni mali yake.

Jumamosi Scholastique alipanda lori la mizigo hadi Koboko. Alimkuta mama yake akimimina mafuta kwenye chupa, baba yake akiwa amekaa kando. Aliwaeleza yaliyompata chuoni, hata lile neno la wizi. Kisha aliomba ruhusa ya kuandika jina la mama.

Basile hakufurahi. Miaka ile ya utawala wa kijeshi watu waliogopa, na wageni waliogopa zaidi.

"Jina ya mutu ikiandikwa kwa karatasi," alisema, "siku moja mutu mwingine anakuja kuuliza huyu iko wapi. Sisi hapa iko wageni. Acha jina ya mama yako."

Scholastique hakubishana. Alisema kwamba mama akikataa, ataandika tu "mfanyabiashara wa mawese, Koboko," na ataeleza kwamba mwenyewe hakutaka kutajwa. Mwalimu angeikubali njia hiyo pia.

Mama Thérèse alifunga chupa, akafuta mikono. Aliuliza kitu gani hasa kitaandikwa. Scholastique alimsomea pole pole habari za vyungu, za majani na za daraja lililobebwa na mafuriko, akimgeuzia kila sentensi katika Kiswahili. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya vyungu, niliona," alisema. "Mama yangu alibeba, na mimi nilitembea nyuma yake. Hiyo ya majani, kweli. Lakini hiyo ya daraja kubebwa na maji, mimi sikuona. Kenyi, yule wa baiskeli, aliniambia. Usiandike kama mimi niliona."

Scholastique alikata mstari huo.

"Na jina, mama?"

Mama Thérèse alimtazama mumewe. "Basile, kila siku nakaa sokoni mbele ya watu. Siuzi mafuta ya wizi, na sisemi uongo. Mambo ya mafuta si mambo ya serikali. Mutu akija kuuliza, nitamjibu." Akamgeukia binti yake. "Andika. Jina yangu mwenyewe."

Basile aliinuka. Aliondoka, akarudi na kiti chake cha cherehani, akampa Scholastique aketi aandike vizuri.

Siku iliyofuata, baada ya misa, Scholastique alimtafuta Kenyi. Kenyi alikuwa Mkakwa, mtu wa kabila la wenyeji wa Koboko, mwenye miguu imara, aliyesafirisha madebe kwa baiskeli tangu ujana wake. Alieleza habari ya daraja, na alieleza zaidi: jinsi walivyofunga madebe kwa kamba za mpira, na njia waliyopita maji yalipojaa. Yeye pia alikubali jina lake liandikwe.

Scholastique alirudi Arua akaandika kazi upya. Alitia namba ndogo. Alitia alama za kunukuu. Alirekebisha habari ya madebe. Mwishoni alipanga vyanzo vyake. Mwalimu Lokule aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na aliitumia mara moja tu, kusahihisha koma. Alizisoma kurasa za vyungu mbele ya darasa. Aliwaambia wanafunzi kwamba jambo hilo sasa limeandikwa, na kwamba yeyote mwenye shaka anaweza kwenda Koboko kuuliza. Nakala moja iliwekwa maktabani.

Siku ya kupokea vyeti Basile alivaa suti aliyoishona mwenyewe. Baada ya sherehe Mama Helen aliwapeleka wazazi maktabani. Alifungua kazi ya Scholastique kwenye ukurasa wa mwisho. Mama Thérèse hakujua kusoma, kwa hiyo binti yake aliweka kidole chini ya kila jina, akasoma kwa sauti. Kwanza lilikuja jina la Kenyi. Kisha Mogga, Celestino. Kisha Thérèse, mfanyabiashara wa mawese, mazungumzo, soko la Koboko, na tarehe.

"Huyu Mogga ni nani?" aliuliza mama.

"Ndiye aliyeandika kitabu, mama."

"Na mimi nakaa karibu na yeye?"

"Karibu kabisa."

Mama Thérèse aliomba asomewe tena. Basile aligeukia dirisha akajifanya anatazama uwanja. Mabega yake yalikuwa yamenyooka kama ya askari wa gwaride.

Mwaka uliofuata Scholastique alikuwa tayari anafundisha shule ya msingi Koboko. Mchana mmoja kijana alifika sokoni akauliza meza ya Mama Thérèse. Jina lake lilikuwa Emile, mwanafunzi wa chuo kile kile. Alikuwa anaandika juu ya wanawake wafanyabiashara wa mpakani. Alisema amelisoma jina lake katika maktaba ya Arua, na angependa kumuuliza mambo machache, kama anaruhusu.

Wateja walisogea kusikiliza. Mama Thérèse alimpa kigoda. Alijibu maswali yake kwa utaratibu, huku mafuta yakisubiri. Emile alipouliza juu ya barabara ya Oraba, ile iendayo Sudan, alimzuia kwa mkono.

"Huko sikufika na miguu yangu," alisema. "Nitakupeleka kwa mwanamke anayejua. Lakini haya mengine niliona mwenyewe. Andika: Thérèse amesema. Na andika siku ya leo."