Ukuta Ulioliwa na Gundi

Jumamosi hiyo duka la vitambaa lilijaa mpaka mlangoni, na katikati ya akina mama waliokuwa wakigombea mapazia alisimama mwanaume mmoja kakumbatia kipande cha povu gumu jeupe, lile linalofungiwa friji lisigongeke njiani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani, na kila mtu alimwita Fundi Mizani. Shati lake lilikuwa limenyooshwa pasi hadi kwenye makwapa.

Nyuma ya meza alikuwa msichana mrefu mwenye gauni la kijani na mkasi unaoning'inia shingoni kwa utepe. Alikata kitambaa bila chaki na bila kupinda, ndiyo maana hata shangazi yake, mwenye duka, alimwita Mkasi.

"Kaka, hilo povu unaliuza au umekuja kulivisha?"

"Kulivisha," akajibu Fundi, kwa sauti ndogo iliyomlazimu Mkasi kuinama amsikie.

Akamweleza polepole. Kila mwaka baada ya mvua alizunguka miji midogo miezi mitatu, akisawazisha mizani za maduka na zahanati, na alikuwa amechoka kulala kwenye mabenchi ya watu. Sasa alikuwa akijenga kijumba cha povu juu ya tela, chepesi, cha kuvutwa na kigari chake. Povu tupu halivumilii jua, lakini likibandikwa kitambaa na kupakwa rangi huwa gumu. Kitambaa gani, na gundi gani, hilo ndilo hakulijua.

Mkasi akaligonga povu kwa ukucha. Turubai, alisema, litagoma kukunjika kwenye kona, na hariri itateleza. Akamkatia kipande cha marekani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, kwa kuwa inakunywa gundi vizuri. Akamshauri asimalize ukuta kabla ya kujaribu.

Jumamosi ya pili Fundi akarudi na kipande kilichobandikwa kwa gundi nyeupe ya maji, ile ya maseremala. Kitambaa kilishika kama ngozi. Jibu lilikuwa limepatikana, lakini Jumamosi ya tatu alikuja kujaribu kitani, ya nne gunia, ya tano gundi ya unga wa ngano, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kusimama mbele ya meza ile. Wakapeana namba. Simu zikaanza.

"Umekula, bwana povu?"

"Nimekula, mama mita. Wewe?"

"Nakusubiri wewe unilishe. Au mpaka ujaribu kijiko kwanza?"

Fundi alicheka mpaka akamwaga chai.

Shangazi ndiye aliyeyakoroga, bila kukusudia. Wiki ya sita alimuuliza mgeni, kwa kupitisha muda tu, kitanda cha hicho kijumba kina upana gani. Fundi, ambaye hakuwahi kudanganya kipimo, akasema sentimita sabini.

Mkasi akaacha kukata. Alijua sabini ni mtu mmoja, tena asiyegeuka.

"Na unaondoka lini?"

"Mwisho wa wiki ijayo."

"Hii gundi uliipata tangu wiki ya pili, Fundi. Wiki zote hizi ulikuwa unajaribu nini?"

Fundi akatafuta maneno, akayapima, akakuta yanapungua. Wakati bado anapima, Mkasi alishageukia mteja mwingine.

Siku nne simu yake haikupokelewa. Siku ya tano aliamua kumaliza kijumba kabla ya saa sita, kisha aende dukani kusema yote. Gundi nyeupe hukauka kwa siku nzima. Ya mafundi viatu, ile ya manjano, hukauka kwa dakika chache. Akainunua, akaipaka ukutani kwa brashi pana.

Povu likaanza kuchemka. Likanywea, likatoboka, na mbele ya macho yake tundu la ukubwa wa sinia likafunguka kwenye ukuta. Akakaa kwenye tairi la tela, akapiga simu. Safari hii ikapokelewa.

"Gundi imekula ukuta," akasema.

"Gundi gani?"

"Ya viatu."

"Ulijaribu?"

"Sikujaribu."

"Wewe? Hukujaribu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

"Ya kuja kwako."

Simu ikakatika. Baada ya nusu saa Mkasi aliingia uani kwa Fundi na suruali ya kazi, jora la marekani begani na ndoo ya gundi nyeupe mkononi. Hakusalimia. Alilikagua tundu, akaomba kisu, akalichonga likawa na kingo nne zilizonyooka.

"Hapa patakuwa dirisha," akasema. "Mtu aliyejenga nyumba bila dirisha alikuwa anaficha nini?"

Kisha akaingia ndani, akakitazama kitanda. Fundi akabaki nje, uso wake ndani ya dirisha jipya.

"Nilikipima kabla sijakujua," akasema. "Nilikuwa na aibu kukwambia. Nataka nikuoe, Mkasi. Na hili sijalijaribu popote."

Mkasi akakaa kitandani. Akajilaza. Akatanua viwiko, kimoja kikagonga ukuta, kingine kikaning'inia hewani.

"Mia na arobaini," akasema. "Mimi nalala kwa kujitandaza, ujue kabisa. Na miezi mitatu sikai na mtu ambaye shangazi hajamkubali."

Fundi hakupima jibu. Alikwenda kuleta msumeno, akaanza kukivunja kitanda alichokimaliza juzi. Mkasi akashika ubao kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine.

"Nini kinakwaruza hivyo?" akauliza shangazi upande wa pili.

"Kitanda kinaongezwa, shangazi. Nimeposwa. Unasemaje?"

Wakamsikia shangazi akivuta jora kutoka kwenye rafu.

"Nipe upana," akasema, "niwakatie mashuka."