Chai ya Mwalimu wa Kambare

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wening alimwaga chakula kwenye bwawa la turubai nyuma ya nyumba, na kambare wa bibi yake wakakigombania. Wiki ile hawakugombania kitu. Walielea juu wakitweta, na kila siku wengine walikutwa wamegeuza matumbo. Kambare hao ndio waliowalisha yeye na bibi yake, Mbah Tumirah. Wakiisha, hakuna cha kupeleka sokoni Boyolali.

Ndipo yakatangazwa mafunzo ya mtandaoni kwa wafugaji wa samaki. Bibi hakuwahi kuhudhuria mafunzo ya namna hiyo, kwa hiyo Wening akapewa kazi ya kumwunganisha kwenye simu. Kazi gani hiyo! Afadhali angeambiwa amfundishe mbuzi kupanda baiskeli.

Bibi alivaa kebaya, blauzi yake ya harusini, akajipaka poda, kisha akaweka mbele ya simu glasi ya chai na sahani ya mihogo ya kukaanga.

"Hiyo ya nani, Bibi?"

"Ya mwalimu. Mgeni aingie kwangu akae mdomo mkavu?"

"Mwalimu yuko Semarang! Atainywaje?"

"Kunywa ni shauri lake. Kuandaa ni shauri langu."

Mafunzo yalipoanza, Bibi alimsalimu mwalimu, Pak Wiryo, kisha akaanza kumsalimu kila aliyemwona kwenye kioo cha simu. "Wewe mwenye kofia, hujambo? Watoto wazima?" Jogoo naye akawika. Watu wakaangua kicheko.

"Bibi, wanakusikia wote!"

"Si ndiyo maana nasema?"

Mle kwenye simu, kando ya mfugaji mmoja, alikaa Galih, anayesoma darasa moja na Wening, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Wening aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Akanyoosha kidole kimyakimya, akazima kipaza sauti cha simu ili Bibi asisikike.

Baadaye Pak Wiryo akauliza, "Nani ana swali?"

Bibi akainama kidogo. "Samahani, mwalimu. Kambare wangu wanatweta, kisha wanakufa. Nimekosea wapi?"

Pak Wiryo akamjibu mtu mwingine. Bibi akarudia kwa upole zaidi, akapitwa tena. Akawa ananyoosha kebaya yake kwa viganja.

"Labda nimemkosea adabu," alisema. "Au ni swali la kijinga?"

"Sijui, Bibi," Wening alidanganya, macho kwenye mihogo.

"Kama hakuna swali jingine, tufunge," alisema Pak Wiryo.

Wening akatazama ndoo mlangoni. Ilikuwa na samaki waliokufa asubuhi ile. Alijikasirikia kweli.

"Bibi, ni mimi niliyezima sauti yako!" Akabonyeza haraka. "Mwalimu, ngoja! Bibi yangu ana swali!"

Jogoo akawika tena. Galih akacheka tena. Bibi akauliza swali lake.

"Unawalisha nini, Mbah?" aliuliza Pak Wiryo.

"Wali uliobaki na utumbo wa kuku, asubuhi na jioni. Wasije wakaona njaa."

"Unawapa kingi mno. Kinachobaki kinaoza chini, na maji yanakosa hewa. Ondoa uchafu huo, badilisha sehemu ya maji, na usiwalishe mpaka wachangamke. Halafu, hiyo chai ni yangu?"

"Ni yako, mwalimu. Karibu!"

Bibi na mjukuu walishinda bwawani wakichota tope linalonuka, Wening akinung'unika tangu ndoo ya kwanza. Siku chache baadaye, kambare walianza kugombania chakula tena.

"Nisamehe, Bibi," Wening alisema wakiwatazama. "Nilikuonea haya, tena nikakudanganya."

"Nimekusamehe. Lakini kumbuka, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kicheko cha watu hakikuua hata samaki mmoja, mjukuu wangu. Ukimya wako ndio uliotaka kuwamaliza."